Rangi Isiyong'aa Nayo Ina Gharama Zake

Yameongezeka mijini magari yenye rangi isiyong'aa, ile iitwayo mati. Viwanda vikubwa navyo huiuza: Mercedes-Benz huiita Magno, na BMW huiita Frozen. Vijana huipenda kwa ugeni wake machoni. Wazee huiona kuwa ya staha, kwani haijitangazi. Hivyo, gari la msikiti wetu, linalobeba watoto wa madrasa na, msiba ukitokea, jeneza, lilipofikia wakati wa kupakwa upya, vijana na wazee waliafikiana kwa nadra: lipakwe mati nyeusi.

Sisi wa kamati, tuliokabidhiwa daftari la michango, tuliona ni wajibu kumwuliza kwanza fundi wa rangi.

Fundi alitufahamisha kwamba siri imo katika vanishi ya juu. Ile ya kawaida hukauka ikawa laini kama kioo, na mwanga unaoipiga hurudi kwa pamoja. Ya mati huwa na chembechembe, aghalabu za silika, zinazoupa uso wake vinundu visivyoonekana kwa jicho. Mwanga ukivifikia hutawanyika kila upande, na mng'aro hupotea.

Taabu huanzia hapo. Gari la kawaida likikwaruzwa kidogo, husuguliwa kwa polishi, alama ikaondoka. Mati haisuguliwi: vinundu vile hulainika, pakabaki doa linalong'aa. Mkwaruzo mmoja waweza kulazimisha mlango mzima upakwe upya. Nta haifai, wala brashi za mashine za kuoshea. Kinyesi cha ndege hakina budi kuondolewa mapema. Huoshwa kwa mkono, kivulini, kwa sabuni isiyo kali na kitambaa laini.

Sasa tulitazame gari letu. Hulala chini ya mwembe wenye kunguru. Huoshwa na yeyote mwenye nafasi, kwa ndoo na sponji iliyopo. Watoto hulikwaruza kwa mikoba wanapopanda, na siku ya mazishi hushikwa na mikono mingi.

"Kumbe kisichong'aa ndicho kinachotaka kutunzwa kama yai, wanangu?" aliuliza mzee mmoja.

"Ndivyo, mzee wetu," tulimjibu.

Kijana mmoja alipendekeza plastiki ya kubandika, inayotoa sura ileile na kubanduliwa baadaye. Kwa gari la mtu binafsi ni wazo jema. Ila nayo, ikiwa ya mati, haivumilii polishi. Tena rangi ya gari huandikwa katika kadi ya usajili, na kuibadilisha kuna taratibu zake. Tuliamua libaki jeupe, kwa vanishi ya kawaida. Fedha ile ilichangwa ili gari litumike, nalo haliwezi kutumika likiogopwa kuguswa.

Nanyi wazazi, kijana akiitamani rangi hii kwa gari la nyumbani, msimkatae kwa kuwa ni fasheni tu. Mwulizeni: nani ataliosha, litalala wapi, na mkwaruzo wa kwanza utalipiwa na nani? Akiwa na majibu, basi amekwisha kulifikiria kama mtu mzima.