Minara ya Chartres
Nchi ya Beauce, kusini-magharibi ya Paris, ni tambarare kama mkeka: ngano huku, ngano huko, wala hakuna kilima cha kuuzuia upepo. Tuliivuka kwa baisikeli, upepo ukitupiga usoni. Mara ikatokeza juu ya mashamba minara miwili isiyolingana ya kanisa kuu la Chartres. Tulishangilia tukidhani tumefika. Kumbe saa nzima ilikuwa bado! Mmoja wetu, kwa uchovu, alitaka kurudi. Ndipo tulipomkumbuka Charles Péguy, mwandishi Mfaransa aliyeivuka nchi hiyo kwa miguu mwaka 1912, kwa ajili ya mwanawe aliyeugua. Tukaona haya, tukaendelea sote. Kuuona mnara si kufika; hufika asiyeiacha njia.