Basi Linalolipwa Kuondoka

Huku Innlandet, mkoa wa Norway ninakoishi, basi la kijijini huondoka saa yake ikifika hata kama ndani yumo abiria mmoja. Nikiwasimulia ndugu zangu wa Dongobesh, mkoani Manyara, Tanzania, huniuliza swali moja la haki kabisa: mafuta analipa nani?

Analipa mkoa. Mkoa ndio unaopanga njia na saa, unatangaza zabuni, na kampuni iliyoshinda hulipwa kwa kuendesha safari zilizoandikwa kwenye mkataba. Nauli ni nyongeza tu, kwa hiyo dereva hana sababu ya kungoja siti zijae. Tena sheria ya elimu inalisukuma basi hilo. Mtoto wa darasa la kwanza anayeishi zaidi ya kilomita 2 kutoka shuleni ana haki ya usafiri wa bure. Kuanzia la pili hadi la kumi ni zaidi ya kilomita 4. Basi la asubuhi lazima liwepo, na bibi anayekwenda kwa daktari hupanda humo humo na wanafunzi. Kwenye vijiji vyenye watu wachache mno unapiga simu mapema, inakuja teksi, nawe unalipa nauli ile ile ya basi.

Kwetu Mbulu na Haydom ni kinyume: noah, gari dogo la abiria, huondoka ikijaa. Siwalaumu madereva hata kidogo. Dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, mafuta kayanunua taslimu, na barabara ya vumbi inakula matairi na springi. Akitoka na watu watatu, kala hasara. Siku ya mnada magari yapo na watu wanapakatana. Kesho yake mama mjamzito anayewahi kliniki anakaa stendi hadi saa sita mchana akingoja wenzake, au anakodi bodaboda kwa bei inayomeza hela ya dawa.

Wengi wanasema lami ikifika haya yatakwisha. Naitamani sana lami ya Karatu–Mbulu–Haydom hadi Maswa. Lakini tazama wilaya ya Hanang. Katesh iko kwenye lami ya Babati–Singida na mabasi makubwa yanapita. Shuka hapo uelekee Basotu, unarudi kwenye hesabu ile ile ya gari lijae kwanza. Lami imeleta mabasi kwenye lami, basi.

Wala tusiambiwe kwamba watu wetu ni wachache. Innlandet ina watu kama 370,000. Manyara, yenye eneo dogo kuliko Innlandet, ilihesabiwa watu 1,892,502 katika sensa ya 2022. Abiria wapo. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inatoa leseni na kupanga nauli, ila hakuna anayemfidia mwenye gari kwa siti tupu za siku isiyo na mnada.

Norway ina fedha nyingi, najua. Lakini kulipia safari ya mwananchi si jambo geni Tanzania. Mpango wa M-mama unafanya hivyo: mjamzito akipata dharura, simu hupigwa bure kwa namba 115, na gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa hapo jirani ambaye malipo yake huingia kwenye simu. Hilo linanipa moyo kuliko chochote nilichokiona Ulaya.

Mimi ningeanza na njia mbili, Mbulu–Dongobesh–Haydom na Katesh–Basotu–Haydom, maana Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikihudumia wagonjwa wa pande hizi tangu 1955. Safari moja ya asubuhi na moja ya kurudi, kwa siku zisizo na mnada. Siti zikijaa, halmashauri hailipi kitu. Zikipungua, inafidia pengo kwa kuangalia tiketi za mashine ili pasiwe na abiria hewa. Zabuni wapewe kwanza wenye noah wa hapo hapo, na saa ya kuondoka ipangwe pamoja na wauguzi wa kliniki, wanaojua mgonjwa anatakiwa awe amefika saa ngapi.