Kurasa Zilizokosekana

Mwaka 2004 Sola, wilayani Maswa, ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Kijana mmoja wa huko alikuwa ameshamaliza kila kitabu cha kompyuta alichoweza kukitia mkononi, na vyote vilimfikisha pale pale: kuwasha mashine, kuandika barua, kujumlisha hesabu, kuzima. Yeye alitaka kujua kinachoendelea ndani.

Hakuwa na wa kumrithisha ujuzi huo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kizazi cha baba zake kikakua bila mashine hizo, sembuse vitabu vyake.

Pamba ilipouzwa, alipanda treni Malampaka hadi Mwanza. Kwa muuza vitabu vya mtumba, chini ya rundo la vitabu vya uhasibu, akakuta The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, toleo la pili la mwaka 1988, jalada limeng'oka.

"Hicho kimenikalia mwaka mzima, dogo," muuzaji akamwambia. "Nipe chochote ulicho nacho."

Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 300, lakini kila aya imebeba mzigo wake na maelezo mengi yanafuatwa na zoezi. Hapo ndipo kitabu cha kubobea kinapojitenga na vile vinene vya kujaza rafu: kinamwachia msomaji kazi. Kijana alikijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Usiku aliandika programu kwa kalamu kwenye daftari, kwa mwanga wa koroboi, na Jumamosi alikwenda Maswa mjini kuzichapa kwenye kompyuta ya steshenari iliyolipiwa kwa saa. Nukta mkato moja ikisahaulika, dakika za kulipia zinayoyoma.

Kisha akafika sura ya 5, ile ya pointa, yaani vigezo vinavyobeba anwani za kumbukumbu, akakuta kurasa zake za mwanzo zimechanika. Kwa miezi kadhaa alikisia maana ya pointa kutokana na mazoezi yaliyobaki, mpaka rafiki yake aliyekuwa chuoni Dar es Salaam alipotoa kopi ya kurasa hizo na kumtumia kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Alizisoma amesimama, pale pale stendi.

Sura ya 8 nayo ilidai UNIX, na steshenari walikuwa na Windows tu. Wakati huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikuwa ameanzisha Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya UNIX, na kuanzia 2005 kampuni yake ya Canonical ilituma CD za mfumo huo bure hadi kwenye sanduku la posta la mwombaji, popote duniani. CD yake ilifika Maswa baada ya wiki nyingi. Mwenye steshenari akamruhusu kuijaribu bila kugusa Windows, kwa kuwa Ubuntu iliweza kuwaka kutoka kwenye CD yenyewe.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na miaka iliyofuata intaneti ikaanza kuingia kwenye simu za vijijini. Ghafla vitabu alivyovisikia kwa jina tu vikawa mkononi. Structure and Interpretation of Computer Programs, kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa MIT, kiliwekwa wazi chote kwenye intaneti. Operating Systems: Three Easy Pieces, cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Wisconsin, kinatolewa bure sura moja moja, faili ndogo ndogo ambazo hata bando la siku linazimudu. Hiki ndicho anachowapa vijana kwanza siku hizi, ingawa inamuuma kwamba bado hana cha kiwango hicho cha kuwapa kwa Kiswahili.

Msimu huu mwanafunzi wa kidato cha sita alimjia na sura tatu za kitabu hicho zilizochapwa steshenari, na daftari lililojaa visanduku na mishale.

"Shikamoo, mwalimu. Huu mshale unaelekea wapi kumbukumbu ikishaachiwa?"

"Marahaba. Chora tena," akamwambia, "na safari hii andika anwani ya kila kisanduku."

Mwanafunzi akaketi kwenye benchi, akageuza ukurasa mpya.