Shukrani Baada ya Kahawa

Kwa Walutheri wengi wa Kilimanjaro, sala ya jioni ilianza na shukrani hata kabla mtu hajajua anashukuru nini. Ndivyo Martin Luther alivyoipanga katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529: sala za asubuhi na jioni hufunguliwa kwa kushukuru, maombi yanafuata nyuma. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na baada yao vizazi vya watoto wa kipaimara vikaikariri sala hiyo.

Mwalimu mmoja aliyelelewa na bibi yake Old Moshi anaikumbuka ikisomwa mbiombio, mtori ukipoa mezani. Shukrani yenyewe ilikuwa na msimu. Malipo ya kahawa yakitoka, bibi alivaa kitenge kipya na kupeleka bahasha kanisani.

Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya kahawa ukavunjika, na bei ikaporomoka. Mjukuu, wakati huo mwanafunzi wa shule ya msingi, akauliza:

“Bibi, tunashukuru nini na kahawa haina bei?”

“Maji ya mfereji wa mfongo leo yamefika kwetu, hayakufika?”

“Yamefika.”

“Haya, anza hapo.”

Tangu hapo sala ikarefuka. Maneno ya katekisimu hayakuachwa, ila bibi alipoyamaliza alitaja mambo ya siku hiyo: ng'ombe aliyetoa maziwa wakati majani ni haba, jirani aliyekopesha chumvi bila kununa. Hata Sikukuu ya Mavuno haikufa kwa kukosa fedha za kahawa. Watu walileta mikungu ya ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, na baada ya ibada mnada ukapigwa nje ya kanisa. Aliyewahi kuuona anajua raha yake: yai moja hununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena, hadi bei yake ikampita kuku aliyelitaga.

Mwalimu huyo sasa ni mama anayeishi Dar es Salaam na ana daftari la shukrani. Mwanzoni kila ukurasa ulisema yaleyale: uzima, afya, familia. Orodha ya namna hiyo, kusema kweli, haina tofauti na sala ya mbiombio. Akajiwekea masharti. Jambo halirudiwi ndani ya wiki, na kama kuna mtu aliyehusika, kesho yake anapigiwa simu na kushukuriwa. Siku za msiba halazimishi kitu. Huandika tarehe na “Zaburi 88”, ile inayoishia gizani bila shukrani, nayo imo ndani ya Biblia.

Mwanawe wa sekondari naye huandika, ila hupenda njia za mkato. Juzi aliandika “kila kitu”, mama akamrudishia daftari. Kijana akakata mstari, akaandika chini yake: “Umeme haukukatika wakati wa mpira.” Hiyo ikapita.