Tadaima, Nimerudi: Kijapani cha Wawili Wilayani Ngara

Ukitaka kujua kama mwenzi wako ni mvumilivu, panda naye basi kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo. Ni kama kilomita 1,300. Mpaka mfike Lusahunga, wilayani Biharamulo, stori zote mmeshamaliza, na bado zimebaki kilomita 92 za vilima na mapori. Miaka ya 2000 mabasi yalipita kipande hicho yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Siku hizi kinachowachelewesha ni malori tu. Mkiwa na siku ya ziada, ingieni Biharamulo mjini mkalione boma la Wajerumani, halafu ndiyo muanze kuitafuta Ngara.

Kule Rusumo mto Kagera unaporomoka katikati ya mawe, upande mmoja Tanzania, upande wa pili Rwanda. Usitegemee maporomoko ya kutisha kama ya Victoria. Yanayovutia zaidi, kwa maoni yangu, ni madaraja. La zamani la mwaka 1972 lilikuwa na njia moja, gari la huku likipita la kule linasubiri. La sasa lina urefu wa mita 80 na magari yanapishana bila kununiana. Lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani, pamoja na kituo cha forodha ambacho msafiri anahudumiwa mara moja tu kwa nchi zote mbili. Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilizindua tarehe 6 Aprili 2016. (Kabla ya kupiga picha na mpenzi wako ulizeni kwanza, pale ni mpakani.)

Ila mimi sikwenda Ngara kwa ajili ya daraja. Nilikwenda kumwona shoga yangu wa tangu chuo, ambaye ni muuguzi kule, na mumewe. Shemeji wakati huo daraja linajengwa alikuwa kijana ametoka chuoni, akapata kibarua cha kupima zege. Kazi ilipoisha alibaki na vitu viwili: buti na maneno kama ishirini ya Kijapani. Sasa maneno hayo yamegeuka kuwa jambo zito ndani ya nyumba, kwa sababu amepata ufadhili wa kwenda Japani kusoma. Anaondoka Septemba. Ni miaka miwili.

Ukutani jikoni wamebandika karatasi zenye maneno. Nikadhani nitakuta "hii bei gani" na "choo kiko wapi", kama vile vijitabu vya watalii. Hayapo. Shemeji anasema maneno ya dukani utaonyesha kwa kidole na maisha yataendelea. Yasiyowezekana kwa kidole ni yale ya kumtambua mwenzako.

La kwanza alilolishika kazini ni otsukaresama. Mjapani humwambia mwenzake wakati wa kufunga kazi, maana yake ni kwamba umechoka na nimeuona uchovu wako. Sisi tunasema pole na kazi. Muingereza hana neno hilo, msomaji, jaribu kumtafsiria uone atakavyokutumbulia macho! Asubuhi, kwenye maeneo ya ujenzi, wanaambiana go-anzen ni, yaani kila mtu afanye kazi salama.

Halafu kuna hodi. Ukiingia nyumbani kwa mtu Japani unasema ojama shimasu, kwamba samahani nakusumbua, na viatu unaviacha palepale mlangoni. Mtu wa pwani hapo hahitaji darasa. Kitu ukipewa, hasa kadi ya jina ya mtu wa ofisini, unapokea kwa mikono miwili na kuisoma kabla ya kuiweka mfukoni. Wazee wengi wa Ngara wangekubali kabisa, maana huku nako kupokea kwa mkono mmoja mkavu ni dalili ya kulelewa vibaya.

Kuna yanayohitaji mazoezi. Vijiti vya kulia usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, hivyo hufanywa kwenye msiba. Kwenye treni simu haipokelewi kwa sauti. Shoga yangu aliposikia hilo alicheka mpaka akakaa chini, maana mumewe akipokea simu mtaa mzima unajua. Kabla ya kula unasema itadakimasu, napokea kwa unyenyekevu. Na mtu akikujibu chotto, yaani "kidogo", halafu akanyamaza, ujue amekataa. Hilo nalo si geni, sisi tunasema "tutaona".

Shoga yangu ndiye mwalimu mkali zaidi, na anayo sababu. Yeye ni mtoto wa Tanga, Ngara alipangiwa kazi. Wiki za mwanzo wagonjwa walimjibu kwa mkato, mpaka bibi mmoja alipomfundisha kusema mwaramutse asubuhi na mwiriwe jioni. Ndizo salamu za Warundi ng'ambo ya mpaka, na Kihangaza kinasikilizana na Kirundi, kwa hiyo zinaeleweka. "Nilikuwa nawauliza wanaumwa wapi kabla sijawauliza wameamkaje," aliniambia. Kwa hiyo sasa akimkuta mumewe anakariri namba na siku za wiki anamfungia daftari. Salamu kwanza.

Tatizo ni karatasi nne za mwisho, zile za mlangoni. Mjapani anayetoka nyumbani husema ittekimasu, naenda na nitarudi. Anayebaki humjibu itterasshai, nenda kisha urudi. Akirejea anasema tadaima, nimefika, naye anajibiwa okaeri, karibu tena nyumbani. Wanaambiana kila siku, hata kama mtu ameenda dukani tu.

Hawa wawili walishakaa mbalimbali miaka mitatu baada ya ndoa, yeye Ngara, mume Dar es Salaam. Shoga yangu haifichi miaka ile: simu zilipungua, na kila mtu akazoea kula peke yake. Mke anaweza kufuata Japani baadaye, lakini kwa gharama zao wenyewe, na likizo ya bila malipo bado hajapewa jibu. Nilimuuliza kama angependa mume aache. Akasema hapana, halafu akaenda kugeuza ndizi jikoni kwa muda mrefu kuliko ndizi zinavyohitaji.

Wamekwishapiga hesabu ya saa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Shemeji akifungua mlango wa chumba chake saa moja usiku, Ngara ni saa saba mchana, na mkewe yuko wodini. Wamekubaliana atatuma neno moja tu, tadaima, naye atajibu okaeri hata kama ana glavu mkononi.

Okaeri analitamka vizuri kabisa. Itterasshai bado. Kila wakifika kwenye karatasi ile anasema hiyo ataisoma Septemba.