Shomoro wa Mzinga Mkuukuu

Nyuma ya nyumba ya babu yangu, Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, palikuwa na mringaringa uliosimama kati ya migomba na mibuni. Katika tawi lake babu alitundika mzinga wa gogo. Nyuki walikaa humo miaka mingi, kisha wakahama, wala hawakurudi. Hata mwaka mmoja, masika yalipokwisha, nikaona shomoro wawili wakiingiza nyasi na manyoya katika tundu la mzinga ule.

Shomoro hawa wana kichwa cha rangi ya majivu na mgongo wa rangi ya kutu. Mume na mke hufanana kabisa. Sikuweza kamwe kujua yupi baba, yupi mama. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa la misheni, ile iliyoanzishwa mwaka 1902, nilikaa chini ya mgomba nikiwatazama.

Siku moja nikasikia sauti nyembamba ndani ya mzinga, nikajua makinda wameanguliwa. Shomoro ni mla mbegu, lakini makinda wale waliletewa viwavi, panzi na wadudu wengine wororo. Asubuhi moja nilihesabu safari 40, nikachoka mimi kabla yao. Tena mzazi akitoka, mara nyingi alichukua kitu cheupe mdomoni. Ni mavi ya makinda, ambayo hutoka yamefungwa kama katika kifuko, naye huenda kuyatupa mbali. Nyumba za watu zifagiliwazo hivyo ni chache.

Lakini kutazama kwa mbali hakukunitosha. Babu alipokwenda soko la Tengeru, nikapanda na kisu, nikalipanua tundu hata mkono wangu ukaweza kupita. Nikaona makinda 3, vipofu, hawana unyoya, midomo wazi. Nikashuka kwa furaha.

Siku ya pili yake akaja mwewe mkubwa wa kijivu, mwenye uso wa manjano usio na manyoya. Ndege huyu ana mguu wa ajabu: kiungo chake hukunjika mbele na nyuma, maana hutafuta riziki yake mashimoni. Akajining'iniza kwenye mzinga, mabawa yametanda, akatia mguu katika tundu nililolipanua. Nikapiga kelele, nikatupa madongoa. Akaruka, na katika kucha zake alikuwamo kinda mmoja.

Babu aliutazama mzinga kitambo. “Nani aliyelipanua tundu hili?”

Nilitaka kusema ni panya. Nikashindwa. “Ni mimi, babu.”

Hakunipiga wala hakunikemea, afadhali angalinipiga. Alichukua kipande cha debe, akakitoboa tundu dogo, akanipa pamoja na nyundo na misumari. “Panda, mjukuu wangu. Gongomea mwenyewe.”

Nikagongomea, na mikono ikitetemeka, wazazi wakinizunguka na kulia. Kisha nikarudi chini ya mgomba. Mmoja akaja na kiwavi, akaliona bati liking'aa, akaenda zake. Akaja tena, akaenda zake. Vivuli vikarefuka, na makinda ndani wakazidi kulia. Mara ya nne akashika ukingo wa bati, akainama, akaingia.

Baada ya siku 11 makinda 2 waliruka, wakatua mgombani, na wazazi wakawalisha pale pale. Mwaka uliofuata shomoro walirudi katika mzinga ule, nami nikawatazama kutoka chini.