Maji Yako Wapi, Mwalimu?

Vitu vyote nilivinunua katika duka la dawa mjini Garissa, siku moja kabla ya kupanda gari la Dadaab. Orodha niliinakili kutoka kijitabu cha mafunzo ya skauti, nikaifuata mstari kwa mstari: plasta pakiti mbili, bandeji za upana mbalimbali, pamba, shashi, spiriti, mkasi, kibano, glavu, pini, dawa za kutuliza maumivu. Nikavipanga katika sanduku la bati nikalitia kufuli. Mimi ni mtoto wa Malindi. Nimelelewa na mama asiyekwenda hata Mambrui, hapo jirani tu, bila mkoba uliojaa, na siku ile nilijiona nimemrithi.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha Ifo. Ifo ndiyo kongwe kati ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Ilifunguliwa 1991, mwaka ambao serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na pamoja na Dagahaley na Hagadera ilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 waliokuwa humo walikaribia nusu milioni. Wanafunzi wangu wengi walizaliwa hapo hapo. Kwa hiyo nilipowatangazia skauti kwamba tutapiga kambi usiku mmoja, mvulana wa darasa la sita aliinua mkono akaniuliza kwa unyofu kabisa: "Mwalimu, tutapiga kambi wapi, na sisi tuko kambini?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani kuwapeleka kando ya Mto Tana, wayaone maji mengi yanayopita bila kupangiwa foleni. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari, na vibali vya watoto thelathini havipatikani kwa wiki moja. Tukakubaliana tulale katika uwanja wa shule, upande wa nyuma, karibu na ua wa mathenge, miti ya miiba.

Alasiri ya siku hiyo alikuja mama aliyekuwa akiwapikia wanafunzi uji, atusaidie kwa chai. Aliliona sanduku langu, akaniomba nilifungue. Akachuchumaa, akatoa kimoja kimoja na kukipanga juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Akabandua plasta moja, akaibandika kwenye kiganja chake. Haikushika. Sanduku lilikuwa limekaa wiki nzima chini ya paa la mabati katika joto linalofika nyuzi 40, na gundi ilikuwa imeyeyuka ikahamia kwenye karatasi. Pakiti zote mbili zilikuwa hivyo. Kisha akaliinamisha sanduku, akachungulia ndani kana kwamba kuna kitu kimejificha.

"Maji yako wapi, mwalimu?"

Nikamwambia maji yapo bombani, si mbali.

"Bomba linafungwa jioni. Na usiku?"

Alinieleza kwamba alivuka mpaka pale Liboi mwaka ule wa 1991, kwa miguu, na watoto wawili. Alichobeba kilikuwa mtungi wa maji, chumvi iliyofungwa katika ncha ya kitambaa, kisu, na shuka moja. Shuka hiyo ilimbeba mtoto, ikawa kivuli mchana, na mkubwa alipoumia mguu ikachanwa ukingo ikamfunga. Aliyasema hayo bila kunilaumu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akamtuma binti alete mtungi wa lita 20. Nami akanituma nilete shuka. Sikuwa na shuka ya ziada, nilikuwa na leso ambayo mama yangu alinifungia nilipoondoka nyumbani. Nikaileta.

Magharibi ikaingia, vijana wakaswali, moto ukawashwa. Ilipokaribia saa moja na dakika kumi usiku, mvulana aliyekwenda kuchukua kuni kando ya ua alipiga ukelele: "Mas! Mas!" Nyoka. Alipofika kwenye mwanga tuliona alama mbili ndogo juu ya kifundo cha mguu. Nyoka hakumwona vizuri, ila alimsikia. Alisema kitu kilichemka kama mafuta kikaangoni kabla hajahisi maumivu. Nilipata baridi ya mgongo, kwa sababu kaskazini mwa Kenya yuko nyoka mdogo wa rangi ya mchanga ambaye husugua magamba yake yakatoa sauti hiyo hasa, na sumu yake huizuia damu isigande.

Vijana watatu waliruka kwa pamoja. Mmoja alitaka wembe achanje. Mwingine alivua mkanda ili aukaze mguu chini ya goti. Wa tatu alitaka kukimbilia kwa mzee mwenye jiwe jeusi la kunyonya sumu. Hapo ndipo mafunzo yangu yaliponifaa: niliwazuia wote. Ukimchanja mtu ambaye damu yake haigandi umemfungulia mfereji. Ukiukaza mguu, unaweza kuuozesha. Jiwe halinyonyi chochote, linakula muda tu. Nilimlaza, nikamvua kiatu na uzi aliokuwa ameufunga mguuni, maana uvimbe ukianza kitu kama hicho hugeuka kitanzi. Tukachukua rula ndefu ya ubaoni ikawa banzi, tukachana leso kwa mkasi, tukaufunga mguu usitikisike, lakini kwa ulegevu, kidole kiweze kupita. Kwa kalamu nikamwandikia saa ya kuumwa kwenye mkono wake.

Katika ule mkurupuko birika lilikuwa limepinduka, chai ikamwagikia mkono wa mtoto mwingine. Tayari mtu ameleta dawa ya meno ampake. Nikapaza sauti kwamba ni maji tu, dakika 20. Mama mpishi alikwisha anza. Alichota kwa kikombe kutoka mtungini akaumwagia ule mkono polepole, na chini aliweka karai liyakinge maji, ili mtungi ukiisha ayarudie. Sijawahi kuona mtu akimimina maji kwa heshima namna ile. Aliyekuwa na nambari ya kijana mwenye gari la punda alikuwa yeye pia. Punda alifika kabla sijapata mtandao wa kupiga simu yoyote.

Hospitalini muuguzi alivuta damu kidogo, akaitia katika kichupa kikavu cha kioo, akakisimamisha mezani na kutazama saa. Akatuambia hakuna kukigusa kwa dakika 20. Baada ya hapo angekiinamisha mara moja: damu ikitiririka, sumu imeshaanza kazi yake mwilini. Ikiganda, tuna matumaini. Nilikaa nikikitazama kichupa kile. Mvulana naye alikitazama, midomo ikitembea kwa dua. Muuguzi alipokiinamisha, damu haikuteremka. Ilibaki chini, nzito, imeshikana kama ini. Mvulana alilazwa, kipimo kikarudiwa zaidi ya mara moja hadi asubuhi, mguu ukavimba kidogo kisha ukapungua. Siku ya tatu alirudi darasani.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu. Katika vyote vilivyokuwa ndani ya sanduku, usiku ule nilitumia mkasi tu. Maji, leso, rula, kalamu, nambari ya mwenye punda: vyote vilitoka nje ya orodha. Sisemi kijitabu kilikosea. Aliyekiandika aliishi mahali ambapo bomba halifungwi jioni, na kosa lilikuwa langu kuamini kwamba orodha yake inaijua Ifo.

Jambo jingine limenikaa moyoni zaidi. Nilikwenda kuwafundisha watoto wale wito wa skauti, kuwa tayari, wito wa mwanzilishi wao Baden-Powell, aliyezikwa hapa Kenya, Nyeri, mwaka wa 1941. Kumbe nilikuwa nawafundisha watu ambao utayari ni urithi wa nyumbani kwao. Mafuriko ya 1997 na ya 2006 yaliisomba Ifo, na kila mama wa hapo anajua atainua nini kwanza maji yakiingia mlangoni. Wiki iliyofuata niliwapa skauti kazi moja: waulizeni wazazi walibeba nini walipokimbia. Majibu yalikuwa mafupi na mazito. Sukari. Sindano na uzi. Msahafu. Dawa ya mtoto mwenye kifafa. Mmoja aliandika kwamba nyanya yake alibeba ufunguo wa nyumba, na bado anao.

Kwa majibu hayo tukalipanga sanduku upya, watoto wenyewe wakiamua. Bati tukaliacha, tukachukua mfuko wa kitambaa unaoning'inia pasipo na jua. Plasta zikapungua, vitambaa vikaongezeka. Kibano kikabaki, tena cha ncha kali, kwa kuwa mwiba wa mathenge hupenya soli ya kiatu na kukatikia ndani. Tukaongeza tochi, chumvi, sukari na kijiko cha chai, pamoja na karatasi yenye maandishi makubwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa anayeharisha. Nyuma ya karatasi tukaandika nambari za simu, na ya kwanza ilikuwa ya kijana wa punda. Kando ya mfuko, mtungi wa maji, ambao zamu ya kuujaza iliandikwa ubaoni kama zamu ya kufagia.

Sasa nimerudi Pwani, na mfuko wa namna hiyo unaning'inia nyuma ya mlango wangu. Huumwaga wote kila mwaka mvua zinapokaribia, Machi na Oktoba, na kila mara nakuta kitu kilichoharibika au nambari ambayo haipatikani tena. Kama una sanduku la huduma ya kwanza nyumbani, shuleni au ndani ya gari, lifungue leo hii. Bandua plasta moja uibandike kiganjani. Kisha tazama kama maji yapo.